Tulipomtafutia mama daktari wa ngozi

Mwaka 2017, nilipokuwa nafundisha shule ya msingi Korogwe, mama aliteremka kutoka Lushoto akiwa amejitanda kanga mpaka puani. Alipojifunua ndani nikaona mabaka mekundu yameenea shavu zima la kushoto hadi shingoni.

"Usiniambie ni ukoma," alisema kabla sijafungua mdomo.

Mama ni mtegemezi kwenye bima yangu ya NHIF. Asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa kila mwezi, mwajiri naye anatia 3 nyingine, kwa hiyo kadi tulikuwa nayo. Tulichokosa ni daktari. Hospitali ya wilaya tabibu alimwangalia, akaniambia kwa ukweli kabisa kwamba bingwa wa ngozi hawana, na yeye hataki kubahatisha dawa kwenye uso wa mtu.

Mwalimu mwenzangu akanidokeza kwamba Tanga mjini wapo, kwenye hospitali za binafsi. Tukaenda. Dirisha la kwanza binti wa mapokezi hakuinua hata macho: "Bima gani?" Nikamwonyesha. Akasema maabara na meno wanapokea, bingwa wa ngozi ni fedha taslimu. Kwingine bima waliikubali vizuri tu, ila bingwa mwenyewe huja akipata nafasi, na hakuna aliyejua ni lini. Kwingine tena walipokea bima za makampuni peke yake. Mama alisimama pembeni na kanga yake, watu wakipita wanamkodolea. Kote huko hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. "Wanauguza kadi," alinung'unika tukirudi stendi.

Tabibu wa Korogwe alipotuona tena alicheka, si kwa ubaya. "Mwalimu, mnahangaika Tanga, na wanaowafundisha madaktari wa ngozi wako Moshi?" Alikuwa anasema RDTC, kituo kilichopo pale KCMC, hospitali ya kanda, tangu 1992, ambako matabibu hutoka nchi nyingi za Afrika kuja kusomea magonjwa ya ngozi. Akaniandikia barua ya rufaa, akaigonga muhuri, akanionya nisiikunje ovyo. Kwa mwenye bima, ukiruka ngazi ukatokea hospitali ya kanda mikono mitupu, unaweza kuambiwa ulipe mwenyewe. Niliibeba ndani ya daftari la maandalio ya somo.

Basi la alfajiri lilitupitisha Mombo, Same, Mwanga, Himo. Moshi tukapanda daladala hadi KCMC. Dirishani walichukua kadi na barua, wakaingiza namba kwenye kompyuta, wakatuelekeza kliniki. Ilichukua muda mfupi kuliko tuliotumia Tanga kukataliwa.

Daktari aliyeanza kumpima alikuwa kijana kutoka Malawi, bado anasoma, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alimwamkia mama "shikamoo" kwa nguvu zote kama mtoto wa darasa la kwanza, na hapo mama akaanza kumpenda. Akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa mabaka kwa kijipamba: akihisi, aonyeshe kwa kidole. Mama alionyesha kila mguso, na mara moja akaonyesha kabla hajaguswa, akaambiwa asifanye haraka. Kisha akampapasa mishipa ya fahamu ya shingo na ya kiwiko. Mkuu wake alipoingia akarudia yale yale, akasema, "Mama, huna ukoma. Ulikuwa unapaka nini?"

Mama akatoa tyubu kwenye pindo la kanga. Nilikuwa sijawahi kuiona. Aliinunua duka la dawa, akishauriwa na jirani yake mama Shabani.

Yule mkuu aliisoma, akatikisa kichwa. Wakamkwangua shavu taratibu kwa wembe, ungaunga wake ukawekwa kwenye kioo na tone la dawa, kikapelekwa kwenye darubini. Fangasi. Krimu ile ina steroidi: inapunguza wekundu na muwasho, mtu anaona amepona, kumbe kinga ya ngozi imelegezwa na fangasi wanatambaa kwa raha zao. Ukiacha inawasha zaidi, unapaka tena. Ndiyo maana hata sura ya ugonjwa ilibadilika, mtu asiyeuzoea angesema lolote.

Aliandikiwa vidonge vya griseofulvin vya wiki kadhaa, avimeze baada ya chakula chenye mafuta ili mwili uvipokee vizuri.

"Wali wa nazi?" mama aliuliza.

"Wali wa nazi ni sawa kabisa."

Hiyo ndiyo tiba pekee niliyowahi kumwona akiifurahia. Fomu ya bima akaisaini kwa dole gumba, dirisha la dawa likatoa vyote, hatukutoa hata shilingi isipokuwa nauli na chai.

Kwenye basi la kurudi kanga ilikuwa mabegani. Tulipokaribia Same akaniuliza kama kadi yangu inaweza kumchukua na mama Shabani, maana naye ana mabaka mgongoni na tyubu ni ile ile. Nikamweleza kwamba wategemezi ni familia, jirani hawamwandiki. Akanyamaza, nikadhani ameelewa.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta mama Shabani mlangoni kwangu na mkoba wa safari, ameshaaga kwao. Kadi hakuwa nayo. Nikamkaribisha chai, kisha nikampeleka kwa tabibu yule yule, akaanze na barua.