Nilivyoutambua mlima kwenye mchoro wa penseli usio na jina

Msikubali kuambiwa mlinganishe urefu wa vilele vya mchoro na vya picha. Niliambiwa hivyo, nikapoteza wiki tatu. Mchoraji wa karne ya 19 aliyechora kwa macho matupu, bila kamera lusida (kifaa cha prizimu kinachomwonyesha mchoraji taswira ya mandhari juu ya karatasi yake), karibu kila mara alizidisha kimo: genge lililomsimamia mbele lilionekana refu kuliko lilivyo, akalichora alivyoliona.

Upana ndio husema kweli. Niliweka karatasi ya kunakilia juu ya mchoro, nikatia nukta kwenye kila kilele na kila pengo, zote tisa, kisha nikateremsha mistari ya wima hadi ukingo wa chini. Nafasi kati ya mistari nilizipima kwa milimita, nikagawa kila moja kwa umbali wote, kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Nikafanya vivyo hivyo kwenye picha iliyopigwa Montenvers, mahali pa kutazamia milima ya Alpi juu ya mji wa Chamonix, Ufaransa. Nafasi zote nane zililingana. Kimo kilikuwa kimezidishwa kwa takriban theluthi moja, tena kwa usawa kotekote. Basi kushoto ni kilele cha Dru, nyuma kabisa vilele vya Grandes Jorasses, na chini mto wa barafu wa Mer de Glace.

Yalibaki mawili ya kutia shaka. Kwenye uso wa Dru kuna mbavu nene ya mwamba ambayo picha za leo hazina: ni nguzo ya mwamba iitwayo Bonatti, iliyoporomoka mwaka 2005. Barafu nayo imechorwa karibu usawa wa malisho, ilhali sasa iko zaidi ya mita 100 chini yake. Kwa hiyo mlima ndio uliobadilika, mchoraji hakukosea.

Karatasi ina alama ya maji, ile inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga: Whatman 1838, yaani jina la mtengenezaji karatasi na mwaka. Hiyo haisemi mchoro ulichorwa lini, inasema tu kwamba haukuchorwa kabla ya hapo.

Mahali peupe kwenye mchoro pana mtego: paweza kuwa theluji au wingu. Theluji huwa na mikwaruzo mifupi inayofuata mteremko, wingu huacha ukingo uliokatika-katika. Laza tochi ubavuni mwa karatasi, chumba kikiwa giza, nawe utaona michirizi iliyofutwa. Mimi niliona hata neno la Kifaransa lenye maana ya "buluu", lililoandikwa kwa penseli ngumu juu ya kivuli. Na ufutio usiuguse kabisa, hata ukishauriwa "usafishe kidogo": michirizi hafifu ya milima ya mbali ndiyo hutoka kwanza.