Mwana-kondoo wa Siku Nne

Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari jumuiya yetu ya Kilutheri, huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilipokusanyika jioni moja ya juma la Pasaka kusoma Kutoka 12, sura ya Biblia yenye maagizo ya Pasaka ya kwanza. Mwinjilisti aliyetuongoza hakupenda kurukia mapema Kalvari, mahali aliposulubiwa Yesu. Alitaka kwanza tuyasikie maagizo kama walivyoyasikia Waisraeli wakiwa bado Misri: mnyama atwaliwe siku ya 10 ya mwezi na kutunzwa hadi siku ya 14, awe mume wa mwaka mmoja asiye na ila, atoke katika kondoo au katika mbuzi.

Hapo bibi mwenye nyumba akamkatiza: "Baba Mwinjilisti, mbuzi ukimlaza ndani siku nne, watoto wameshampa jina. Kumchinja huyo ni kazi." Bibi huyo alikulia katika nyumba ya zamani ya Kichaga, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Kutoka haisemi kwamba mnyama alilazwa ndani, lakini tangu jioni ile sijaweza kuisoma sura hiyo bila kufikiri kwamba damu iliyopakwa kwenye miimo ya milango ilikuwa ya mnyama aliyekwisha kuzoeleka.

Ndipo Mwinjilisti akatupeleka Yohana 19. Sifongo yenye siki iliinuliwa kwa hisopo, mmea uleule uliochovywa katika damu usiku wa kutoka Misri. Na Yesu hakuvunjwa miguu, kama ilivyoagizwa katika Kutoka 12:46 kwamba mfupa wa mnyama wa Pasaka usivunjwe. Nilikuwa nimeisikia habari ya mateso kila Ijumaa Kuu, ila hisopo ilikuwa imenipita kabisa.

Kijana mmoja, mbishi wetu wa kawaida, akauliza: "Kwani mzee, Musa alijua kwamba anamzungumzia Yesu?" Wengine waliguna, lakini mzee alimjibu kwa upole kwamba Waisraeli usiku ule walijua damu, mlango na safari ya alfajiri, na kwamba Wayahudi hadi leo huiadhimisha Pasaka kwa ajili ya kukombolewa utumwani, wala hatuna haki ya kuwaambia kwamba wanaisoma vibaya. Waliouona msalaba ndio waliogeuka nyuma wakaitambua njia. Jibu hilo lilinitosha kuliko mahubiri mengi yanayomtafuta Kristo katika kila kigingi cha hema ya kukutania, ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani.

Kilichonishangaza zaidi ni swali la mzee mwenyewe: dhambi imetajwa wapi katika sura hii? Tulipekua, hatukuiona. Damu ya mlangoni iliwakinga wazaliwa wa kwanza na pigo la kifo. Habari ya dhambi kuondolewa imo katika Walawi 16, ambako mbuzi mmoja huchinjwa na mwingine, akiwa amewekewa maovu yote ya wana wa Israeli kichwani, hupelekwa jangwani. Kisha akamtaka yule kijana asome Yohana 1:29 kwa sauti: "Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu, aichukuaye dhambi ya ulimwengu!" Mwana-kondoo, alisema mzee, ametoka kwa Pasaka, na kuichukua dhambi kumetoka kwa yule mbuzi wa jangwani, naye Yohana Mbatizaji, msemaji wa maneno hayo, amewafunga wote wawili katika mtu mmoja. Bibi akasema kwamba basi mbuzi wake nao wamo katika Injili, na kijana, kwa mara ya kwanza, hakubisha.