Niliuza Korosho Zikiwa Maua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii nilipanga iwe juu ya Zaburi 27:14, "Umngoje Bwana, uwe hodari, upige moyo konde, naam, umngoje Bwana." Ndilo somo nililowapa watoto wa kipaimara Jumamosi iliyopita, na nilikuwa nimejiandaa vizuri. Mstari nimeuandika ubaoni, mifano mitatu ninayo kwenye daftari: Ibrahimu, Hana, Yusufu. Sijafika hata kwa Hana, kijana mmoja wa benchi la nyuma, ana miaka 17, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hiyo ngoja ya Mungu ni ileile ya nyumbani, au ni nyingine?"

Darasa zima likaangua kicheko. Binti mmoja akadakia, "Ngojangoja huumiza matumbo, mwalimu!" Nami kwa haraka nikasema, "Ngojeni kwanza nimalize." Hapo ndipo walipocheka hadi wengine wakaegemea ukuta.

Nilicheka nao kidogo, kwa nje. Tukamaliza, tukasali, wakatawanyika. Lakini swali lile nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile. Sikulijibu, na si kwamba sikulielewa. Nililielewa mno.

Ninyi mnaokaa huku kwetu Newala na Tandahimba mnaijua ngoja ya nyumbani. Kila kitu chetu kinaning'inia kwenye mkorosho. Mtoto akiomba viatu mwezi wa Tatu, anaambiwa msimu. Sare imepasuka, msimu. Karudishwa shule kwa ajili ya mchango, kamwambie mwalimu baba atalipa msimu. Basi mtoto anahesabu. Anaona mikorosho ikitoa maua, anasikia mashine za kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, zikiunguruma alfajiri kabla upepo haujaamka, anaokota korosho na kuzinyofoa kwenye mabibo mpaka nguo zake zinakuwa na madoa yasiyotoka, anasaidia kubeba mpaka ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika. Mnada unapita. Fedha zinaingia benki. Halafu? Halafu kuna deni la dukani, kuna makato, kuna ngoma ya mtoto wa mjomba, na baba karudi na redio mpya. Viatu, ngoja msimu ujao. Mtoto wa namna hiyo akifika darasa la kipaimara ameshajifunza kwa miaka mingi kwamba "ngoja" ni "hapana" iliyofunikwa kawa. Sisi tunamjia na Biblia tunamwambia mngoje Bwana. Tunategemea asikie nini?

Hilo ni moja. La pili linanihusu mimi, na ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu yule kijana ndiye aliyebeba gunia zangu.

Mwaka jana binti yangu alichaguliwa kidato cha tano, shule ya mbali. Fomu ya kujiunga ikaja na orodha yake: godoro, shuka, ndoo, rimu za karatasi, na nauli juu yake. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam akanipigia, "Dada, usihangaike, nipe wiki moja nitakutumia." Nikasema amina. Nikaliweka mbele za Bwana, nikafunga siku tatu. Siku ya tatu kimya. Ya tano nampigia, simu haipatikani. Ya sita, Jumanne jioni, yule bwana wa kangomba akapita na pikipiki yake.

Kwa mlio mbali na huku, kangomba ni biashara ambayo mtu anakupa fedha leo, mikorosho ingali na maua, nawe umlipe korosho msimu ukifika, kwa bei yake. Serikali imeikataza, kanisa linaihubiri, na kila kijiji kinajua mlango wa kugonga. Nikampa neno langu la gunia tatu. Alinihesabia noti palepale barazani, bei haifiki hata nusu ya ile iliyokuja kutoka mnadani, na binti yangu amesimama mlangoni na mwiko mkononi, anatazama, hasemi kitu. Usiku ule nililala fofofo kama mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikaita mlio wa ujumbe. Fedha ya kaka. Simu yake ilikuwa imeibiwa, akahangaika mpaka akairudisha laini, akatuma yote, na ya sabuni juu.

Nilikaa chini, sakafuni. Tangu siku ile Sauli nimemwelewa. Huwa tunamsoma kama mtu aliyeshindwa kungoja, na tunamhukumu haraka. Someni tena 1 Samweli 13. Sauli alingoja! Samweli alimwekea siku saba, naye akakaa Gilgali siku saba, Wafilisti wamejaa Mikmashi kama mchanga wa pwani, watu wake mwenyewe wanamtoroka. Kilichomshinda ni kile kipande cha mwisho. Akaitoa sadaka kwa mkono wake, na alipomaliza tu, Samweli huyo anakuja. Moshi bado unafuka. Kila nikifika kwenye mstari ule naisikia simu yangu ikilia Alhamisi saa nne.

Mwezi wa Kumi na Moja gunia zikaja kuchukuliwa. Aliyezitoa chumbani kwangu na kuzipakia kwenye guta ni kijana yule wa benchi la nyuma, kibarua wa siku hiyo. "Shikamoo, mwalimu." Marahaba. Akabeba la kwanza, akabeba la pili, la tatu nikamsaidia kulitwika. Hakuuliza. Jumamosi iliyofuata nikawafundisha tunda la Roho, na nadhani uvumilivu niliueleza kwa dakika kumi nzima.

Wapendwa, vijana tunawasema sana. Hawana subira, wanataka vya chapuchapu, wanabeti, wanaacha shule wakaendeshe bodaboda, mabinti wanabebeshwa mimba. Mahubiri hayo nimeyatoa mimi pia, tena kwa sauti. Lakini kijana anayetia elfu moja kwenye mkeka wa kubeti, na mama wa kanisa anayeuza korosho zikiwa maua, tofauti yao ni umri na kitenge. Wametuona. Wanaishi nasi nyumba moja, wanasikia tunavyoongea usiku tukidhani wamelala.

Wazazi, mara nyingi tunasema ngoja kwa sababu tunaona aibu kusema sina. Mseme sina! Mtoto anaweza kubeba "sina, mwanangu, na sijui lini nitapata." Ataumia, atalia, kesho ataamka. Asichoweza kubeba ni kuahidiwa mara sita kitu ambacho wewe mwenyewe ulijua tangu ya kwanza kwamba hakipo. Ukifanya hivyo unamharibia neno. Na neno lenyewe ndilo tulilolikuta kwenye Zaburi, hatuna lingine la kumpa.

Nasi wa kamati tusijifiche. Vijana waliomba mpira tangu Pasaka. Mpira mmoja. Tumekutana mara nne, na kila mara suala la vijana linaachwa kikao kijacho kwa sababu ya muda. Mara mojawapo niliunga mkono tuahirishe, maana nilikuwa na maharage jikoni. Halafu Jumapili tunashangaa mbona benchi zao zina nafasi.

Sasa, swali lake. Jibu nililipata juzi Jumanne nikiwa shambani, na lilikuja kupitia kwa marehemu baba yangu.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, tunatoka Dar kurudi nyumbani. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2003. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea, mabasi na malori yalipanga foleni usiione mwisho. Tulilala pale usiku mbili ndani ya basi. Matope mpaka goti, mbu wanaimba, kina mama wa pale wanapita na samaki wa kukaanga ambao hela yetu ilikuwa haiwafikii tena. Nikawa namuuliza baba, tunavuka lini? Kondakta alikuwa akisema "sasa hivi" tangu jana yake. Baba hakusema sasa hivi. Alisema, "Sijui, mama. Ila mimi nipo hapahapa."

Akanifunika koti lake, mgongo wake akauachia mbu. Muhogo wa kuchemsha ulipobaki kipande kimoja akanipa, yeye akanywa maji. Saa tuliyovuka siikumbuki kabisa. Harufu ya lile koti ninayo mpaka leo, moshi wa sigara na vumbi la korosho.

Kwa hiyo Jumamosi nitamwambia yule kijana: ni nyingine. Ya nyumbani, mtu anakwambia ngoja kisha anaondoka zake. Ya Mungu, aliyekwambia ngoja amekaa nawe kwenye basi. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, umri wake huyu huyu, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Katikati kuna kisima, kuna kusingiziwa, kuna mnyweshaji aliyemsahau miaka miwili mizima. Na humo gerezani Maandiko hayasemi Bwana alikuwa njiani kuja. Yanasema Bwana alikuwa pamoja naye. Tena Mwana wa Mungu mwenyewe alikaa Nazareti akipiga randa mbao hadi umri wa kama miaka 30, Luka anatuambia, ndipo akaanza kazi yake. Anayetuambia tungoje, foleni anaijua.

Sitasema kungoja ni kukaa bure, hilo mtoto wa mkulima halihitaji. Anajua mkorosho usiopuliziwa salfa ugonjwa wa ubwiriunga utaumaliza, uombe usiombe.

Nimeamua mstari nitaufuta ubaoni. Nitakaa benchi moja nao na kuwasimulia habari ya gunia tatu, na ya binti yangu mlangoni na mwiko. Mchungaji nilimweleza kwanza, maana si vizuri asikie kwa watoto. Alinyamaza kitambo, akavua miwani, akasema, "Mwalimu, mimi nina zangu mbili." Basi tukacheka, kisha tukasali, na ile sala haikuwa ya kawaida.

Mpira nimeununua Newala mjini kwa hela ya vitumbua. Upo chini ya kitanda, haujajazwa upepo, kwa sababu pampu ni ya jirani na jirani kasema ningoje.

Mniombee wiki hii. Jana jioni yule bwana wa kangomba amepita tena. Maua mwaka huu ni mengi, Mungu ametukumbuka, naye alisimama chini ya mkorosho wa kwanza pale uani akayasifia tawi kwa tawi. Binti yangu alikuwa amepiga simu asubuhi, anahitaji hela ya matumizi, nami sina. Nilimpa yule bwana maji ya kunywa, nikamwambia mwaka huu hapana. Akayanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Sawa, mama. Ijumaa nitapita tena kukujulia hali."