Tangazo alilolikata Mama

Leo asubuhi nimemsindikiza mdogo wangu Mbagala, kwenye chuo cha ufundi umeme alicholipia ada ya muhula wa kwanza. Laki tatu na nusu.

Tumekuta fremu mbili zimefungwa. Muuza chipsi wa jirani anasema wamehama tangu mwezi uliopita.

Tangazo lilitoka kwenye jarida. Ukurasa mzima, wa rangi, vijana wamevaa ovaroli na kofia ngumu. Chini limeandikwa "Tumesajiliwa". Namba ya usajili hakuna.

Nikapiga simu kwenye jarida. Dada wa matangazo akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, sisi tunauza nafasi tu. Kuhakiki ni kazi ya msomaji."

Hapo ndipo nilipoumia.

Vyuo vya ufundi vinasajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na orodha iko mtandaoni. Nimeipekua kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, hata dakika kumi hazikuisha. Chuo hicho hakimo! Jarida lenye ofisi na wahariri lilishindwa nini kuomba cheti kabla ya kupokea hela? Watu wanaliamini tangazo kwa sababu wanaliamini jarida.

Mama ndiye aliyelikata kwa mkasi. Akalihifadhi kwenye Biblia yake, pamoja na risiti.

Jioni hii amekaa kimya tu. Hajaniuliza chochote.

Kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa ada? Ulianzia wapi, polisi au NACTVET? Niandikieni hapa chini, tafadhali.