Kazi za Dereva

Mwaka wa fedha 2023/24 ndipo tulipoagana na OPRAS, yale makaratasi ya kupima utendaji tuliyokuwa nayo serikalini tangu 2004, tukaletewa PEPMIS. Sasa mtumishi anaingiza majukumu yake mtandaoni, msimamizi anayaidhinisha.

Ofisi yetu ilikuwa jirani na Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Dirisha la masjala likiwa wazi tulifanya kazi na harufu ya dagaa. Mkuu wa kitengo alikuwa mtu wa dokezo. Likatoka, aya moja tu: ambaye hatakuwa amejaza mfumo hadi Ijumaa ajieleze kwa maandishi. Hakuna aliyeuliza kitu. Wengine simu zao zilikuwa vitochi.

Mimi nikaona riziki. Nilikuwa karani mdogo kuliko wote, nikawajazia watu kwa soda, wengine kwa buku mbili. Walinipa cheki namba na neno la siri bila wasiwasi. Majukumu yangu nilikuwa nimeyapanga vizuri, basi nikawa nayanakili hayohayo. Ijumaa saa tisa kitengo kizima kilikuwa tayari. Mkuu akatupongeza kikaoni, nami nikapiga makofi.

Alipohamishwa, akaja mama mmoja. Siku ya tatu aliingia masjala na laptopu kwapani, akavuta benchi la wageni, akaketi karibu na dereva wetu.

“Mwangaluka, mzee wangu. Humu wanasema kazi yako ni kufungua majalada na kusambaza barua. Gari anaendesha nani?”

Watu wakacheka. Mzee akanitupia jicho.

“Mama, niliogopa kujieleza. Huo mfumo wenyewe sijawahi kuuona.”

“Hata mimi jana umenitoa jasho mpaka saa kumi na mbili. Hebu tuuone wote. Juzi ulikuwa wapi?”

“Sengerema. Foleni ya kivuko pale Kigongo ilitula saa nzima.”

Akaandika kwa vidole viwili, polepole. Mzee alivaa miwani, akasogea, kisha akasogea tena.

“Weka na kukagua tairi kabla ya safari,” akasema. “Hiyo huwa hamuioni.”

Mchana benchi lilikuwa na foleni. Mimi nilipewa kazi ya kuwabadilishia watu maneno ya siri, mmoja mmoja, bila soda. Zamu ya mzee ilipofika nikamuuliza ataweka neno gani, nimwandikie.

Akavua kofia, akaifunika kibodi.