Asidi amino moja tu!

Tangu jana akili yangu haijatulia. Nilikuwa maktaba Muhimbili nikisoma kuhusu vipokezi vya NMDA, protini za seli za neva zinazousaidia ubongo kujifunza na kukumbuka.

Seli ya neva ikiwa imetulia, magnesiamu hukaa ndani ya mfereji wa kipokezi kama kizibo kwenye chupa. Hilo linajulikana tangu 1984. Lakini vipokezi hivi haviundwi kwa vipande vilevile: vyenye kipande kiitwacho GluN2A au GluN2B huzibwa sana, vyenye GluN2C au GluN2D huzibwa kidogo. Na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na asidi amino moja, yaani tofali moja tu la protini: kwenye 2A na 2B ni serini, kwenye 2C na 2D ni lusini. Jamani, moja!

Wenzangu wa famasia, hapa ndipo paliponigusa. Memantini, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, hugombea mfereji huohuo na magnesiamu. Ukiipima bila magnesiamu, huziba aina zote karibu sawa. Weka magnesiamu kwa kiwango cha mwilini, inaelemea kuziba zaidi vipokezi vyenye 2C na 2D. Ketamini, tunayowalazia wagonjwa usingizi, nayo ni vivyo hivyo. Kwangu mimi, kipimo cha maabara kisicho na magnesiamu kinatupa nusu ya habari.