Umeona rangi gani? Kwa mnaotoka kwenye praktikali ya bailojia

Pepa ya praktikali ikiisha, mabishano huanzia mlangoni pa maabara. "Sampuli Q umepata nini?" "Wanga na protini." "Hamna bwana, mimi protini tu!" Mwingine anapita akisema kapata na sukari, na hapo roho zinaanza kudunda.

Swali hilo linaulizwa vibaya. "Umepata nini" linadai hitimisho, na hitimisho huja mwisho kabisa. Ulizaneni kwanza: uliona rangi gani? Kisha: ulifanyaje mpaka ukaiona? Wawili wakijibu hayo kwa ukweli, mara nyingi tofauti yao inajulikana imetokea wapi, na mara nyingine wote wawili wana haki.

Tuanze na Benedikti, dawa ya buluu ya kupimia sukari, maana ndiyo inayogombanisha watu kuliko zote. Unachukua mililita 1 hadi 2 za sampuli, unatia Benedikti kiasi hichohicho, unachemsha. Buluu inageuka kijani, halafu njano, halafu chungwa, mwisho mashapo mekundu kama tofali la kuchoma. Rangi hizi zinafuata wingi wa sukari. Sukari kidogo huishia kijani, sukari nyingi hufika kwenye tofali. Kwa hiyo aliyeandika kijani na aliyeandika tofali wote wameona sukari, na wote waliandika sawa kama waliandika walichokiona. Sampuli moja inaweza kutoa rangi mbili kwenye meza mbili kwa sababu mmoja alitia matone matatu ya sampuli na mwenzake kajaza, au mmoja alitoa testi tyubu kwenye maji ya moto baada ya dakika moja tu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Jibu halibadiliki, ila ukitumia bika la maji yanayochemka vumilia dakika tano kamili kabla ya kusema hakuna kitu.

Sukari ya mezani, ileile inayotokana na miwa kama ya mashamba ya Arusha Chini, huiacha Benedikti ikiwa buluu. Glukosi, fruktosi, maltosi na laktosi huigeuza moja kwa moja, lakini sukrosi, yaani hiyo ya mezani, mpaka ivunjwe kwanza. Chukua sampuli mpya, tia asidi hafifu ya hidrokloriki kama mililita 1, chemsha, poza, tia hidroksidi ya sodiamu kuiua asidi, ndipo utie Benedikti na kuchemsha tena. Ukisikia mtu anasema "nilifanya yote na ikabaki buluu", muulize kuhusu hidroksidi. Asidi ikiwa bado imo, Benedikti haifanyi kazi, hata kama tyubu imejaa sukari. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa haina rangi ya kuonyesha kwamba umeifanya.

Na kama Benedikti ya kwanza, ile ya bila asidi, ilishageuka tofali, ya pili nayo itageuka tu. Hiyo haithibitishi kwamba kuna sukrosi. Anayehesabu sukari mbili kwa sababu hiyo, hapo amekosea.

Jaribio la protini linaamuliwa na mkono. Mililita 1 hadi 2 za sampuli, hidroksidi ya sodiamu kiasi hichohicho, halafu salfeti ya shaba asilimia 1, tone kwa tone, ukitikisa. Usichemshe. Protini ikiwepo utaona zambarau, na kwa mtu wa Arusha kipimo kiko nje ya dirisha: mwezi wa kumi na wa kumi na moja maua ya mjakaranda yametapakaa chini. Okota ua moja ulitazame kwenye kivuli. Rangi inayoelekea huko ni protini. Ile buluu ya shaba, kama anga la saa nne, siyo. Anayebisha kwamba yake ilikuwa "buluu hivi, zambarau hivi" huenda alimwaga salfeti badala ya kudondosha, na buluu ya shaba iliyozidi ikaifunika zambarau. Matone matatu yanatosha.

Kwa wanga, matone mawili ya iodini, na rangi huwa buluu iliyoiva hadi weusi. Kinachoharibu jaribio ni moto. Sampuli ikiwa bado ya moto, ile rangi nyeusi haitokei, au hutokea ikapotea, kisha hurudi ikipoa. Aliyechota kutoka tyubu iliyotoka kuchemshwa ataapa kwamba hakuna wanga, naye hasemi uongo. Macho yake hayakuona. La pili ni kutotikisa chupa. Wanga hutuama. Zamu ya kwanza ikiingia maabara saa mbili, zamu ya pili ikaja saa tano na chupa imekaa kimya, maji ya juu yana wanga kidogo na ya chini yamejaa. Na dropa moja ikitembea chupa hadi chupa, tone la glukosi kutoka P linatosha kuitia Q rangi ya kijani isiyo yake. Basi Q ya meza yenu ikiwa na sukari na ya meza nyingine haina, ulizeni habari ya dropa kabla ya kuitana wajinga.

Sudani, dawa ya kupimia mafuta, haina ugomvi mwingi: tikisa, acha itulie, tafuta tabaka jekundu juu.

Ndizi ndiyo sampuli ninayoipenda, na kwa watoto wa Moshi ingepaswa kuwa rahisi. Ndizi mbichi ya mtori imejaa wanga. Ikiiva, vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari, na ulimi wako unalijua hilo. Lakini kuiva hakuji kwa siku moja. Ndizi yenye ganda la njano na ncha za kijani inatoa vyote viwili: nyeusi kwenye iodini na chungwa kwenye Benedikti. Mwanafunzi akifuta moja kwa kufikiri "haiwezekani vyote", anajipunguzia alama kwa kukataa macho yake. Maziwa ndiyo yale yale, yana laktosi, protini na mafuta kwa pamoja.

Jambo la kuandika. Kwenye safu ya kilichoonekana, "hakuna badiliko" ni jibu dhaifu. Sema rangi ya nini ilibaki: buluu ya Benedikti ilibaki, njano ya iodini ilibaki. Na "wanga upo" si kilichoonekana, ni hitimisho. Ukiliweka kwenye safu ya kuonekana umeiacha safu tupu ingawa umeandika. Mkilinganisha majibu, linganisheni safu kwa safu.

Kiazi kwenye chumvi huleta mabishano ya namba. Wewe kipande cha milimita 50 kilifika 48, mwenzako 46. Mmoja alikata chembamba, mwingine kinene. Mmoja alisubiri dakika 30, mwingine 20. Chembamba hupoteza maji haraka. Cha kulinganisha ni mwelekeo: kwenye chumvi kilipungua na kulegea, kwenye maji matupu kiliongezeka na kukakamaa. Aliyepata kinyume huenda alichanganya bika. Anayesema "chumvi iliingia ikavuta maji" ameikosa osmosi yenyewe: maji ndiyo yaliyotoka, kupitia utando, kwenda kwenye chumvi nyingi.

Kwenye vielelezo, haraka haraka. Uyoga si mmea. Una ufalme wake, kuvu. Buibui ana miguu minane, kwa hiyo si mdudu wa kundi la panzi. Jongoo na tandu hesabu miguu kwenye pingili moja: jongoo jozi mbili, tandu jozi moja. Kwa jina la kisayansi la mahindi, Zea mays, na la maharage, Phaseolus vulgaris, neno la kwanza huanza na herufi kubwa, la pili ndogo, na kila neno hupigiwa mstari wake peke yake. Aliyeunganisha mstari mmoja chini ya yote mawili na aliyetenganisha wana majibu mawili tofauti, ingawa wakisomeana kwa sauti pale chini ya mti yatasikika sawasawa.